Haki ya Hambone: Kuhusu Tamthilia ya August Wilson

Mtaa unapobomolewa, ni nini hasa kinachobomoka? Swali hili ndilo lililotufanya tuitazame Two Trains Running, tamthilia iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1990. Mwandishi wake, August Wilson (1945–2005), alizaliwa Hill District, mtaa wa Wamarekani weusi mjini Pittsburgh. Kuanzia mwaka 1956 sehemu ya chini ya mtaa huo ilibomolewa, na watu wapatao 8,000 wakaondolewa.

Tumo mwaka 1969, katika mgahawa wa Memphis Lee, ambao serikali ya mji yataka kuununua na kuubomoa. Memphis anadai dola 25,000, wala hapunguzi. Kila siku huingia Hambone, aliyepaka rangi ua wa mwenye bucha kwa ahadi ya paja la nguruwe. Kazi ilipokwisha alipewa kuku, akamkataa. Kwa miaka tisa na nusu amedai kilicho chake, hata karibu maneno mengine yote yamemtoka. Wengine humwona mwenda wazimu. Sisi twamwona kuwa ni kibarua wa Yakobo 5:4, ambaye kilio chake Mungu amekisikia.

Wapo watakaomlinganisha Memphis na Nabothi (1 Wafalme 21). Sisi twasita. Nabothi alikataa kuuza urithi wake. Memphis anauza, ila kwa bei yake. Mwishoni analipwa dola 35,000, nasi twafurahi pamoja naye. Lakini waliokuwa wakikutana pale watakutana wapi? Furaha ya Memphis yaufunika msiba wa wengi, na huo kwetu ni udhaifu. Tena Risa, mwanamke pekee jukwaani, anapewa kuhudumu kuliko kusema.

Hata hivyo kazi hii yatuhukumu sisi watumishi. Watu wanapanga foleni kuugusa mwili wa Prophet Samuel wapate bahati, bali hatumwoni mchungaji hata mmoja akivuka barabara kumsemea Hambone kwa mwenye bucha. Hambone anakufa bila kulipwa. Ndipo Sterling, kijana aliyetoka gerezani, anapovunja bucha na kuleta paja hilo, mikono ikivuja damu, liwekwe jenezani.

Wizi hatuuhalalishi. Twauliza tu: kwa nini haki ya maskini ilisubiri mkono wa mwizi, na baada ya kifo? Wenzetu watumikao mijini wajiulize hivyo kabla tingatinga halijafika.