Windows Vista: Kazi Sahihi Juu ya Mashine Zisizo Tayari

Windows Vista ilitolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, zaidi ya miaka mitano baada ya Windows XP. Katika kipindi hicho chote watengenezaji wa printa, skana na kadi za grafiki waliandika draiva zao kwa kufuata taratibu za XP. Vista ilibadilisha taratibu hizo kwa mkupuo mmoja, na huko ndiko kero nyingi za waliohamia zilikoanzia.

Badiliko kubwa lilikuwa la draiva za grafiki. Chini ya XP, draiva hizo zilifanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo endeshi, hivyo hitilafu moja iliweza kuangusha kompyuta nzima na kuacha skrini ya buluu. Vista ilihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo nje ya kiini. Kadi ikikwama, mfumo uliweza kuiwasha upya draiva peke yake. Sauti nayo iliondolewa kwenye kiini kwa sababu hiyo hiyo. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini uliwalazimu watengenezaji kuandika upya karibu kila kitu, na wengi walichelewa. Nyaraka za Microsoft zilizofichuliwa mahakamani baadaye zilionyesha kuwa draiva za Nvidia pekee zilihusishwa na karibu asilimia 29 ya matukio ya kuanguka kwa Vista yaliyorekodiwa katika kipindi fulani cha mwaka 2007. Waliokuwa na bidhaa za zamani walipata hasara zaidi: printa nzima isiyo na kasoro iligeuka mzigo kwa kuwa hakuna aliyeiandikia draiva mpya.

Kero ya pili ilikuwa ya ruhusa. Watumiaji wengi wa XP nyumbani walifanya kazi wakiwa na mamlaka yote ya msimamizi, na virusi vilivyoingia vilirithi mamlaka hayo. Vista ilimnyima hata msimamizi mamlaka hayo hadi athibitishe: skrini ilififia, likatokea dirisha la kuomba idhini. Programu za wakati huo zilizoea kuandika popote kwenye diski, kwa hiyo maombi yalimiminika. Wengi walianza kubofya kukubali bila kusoma, au wakauzima ulinzi wenyewe. Shinikizo hilo, hata hivyo, liliwalazimisha waandishi wa programu kuacha kudai mamlaka wasiyoyahitaji, faida ambayo mtumiaji wa siku zile hakuweza kuiona.

Kunakili faili pia kulilalamikiwa. Awali Vista ilinakili faili bila kupitia akiba ya kumbukumbu, na dirisha la maendeleo halikufungwa hadi data iwe imeandikwa. XP ilifunga dirisha mapema huku ikiendelea kuandika kimyakimya, hivyo ilionekana kuwa na kasi zaidi. Toleo la marekebisho la mwaka 2008 liliirudisha akiba.

Lisilo na utetezi ni suala la vibandiko. Tangu mwaka 2006 kompyuta ziliuzwa zikiwa na alama ya kuthibitisha kuwa zinaimudu Vista. Chipu ya grafiki ya Intel 915 haikuweza kutumia mfumo mpya wa draiva wala kuonyesha Aero, mwonekano mpya wa madirisha uliokuwa mvuto mkuu wa matangazo ya Vista. Microsoft ililegeza masharti, na mashine zenye chipu hiyo zikapata kibandiko. Wateja walifungua kesi Seattle mwaka 2007. Barua pepe zilizotolewa humo zilionyesha wakuu wa kampuni yenyewe wakilalamika. Mmoja alikuwa amenunua kompyuta ya mkononi ya dola 2,100 ikawa inamfaa kwa barua pepe tu. Mwaka 2009 mahakama iliondoa hadhi ya kesi hiyo kuwa ya kundi zima la wanunuzi. Kwa mabadiliko ya kiufundi, wahandisi walikuwa na sababu. Lakini mnunuzi aliyekiamini kibandiko alinyimwa taarifa aliyoilipia.

Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, ilihifadhi misingi hiyo hiyo ya Vista. Maombi ya idhini yalipunguzwa, na mtumiaji akapewa kipimo cha kuchagua kiwango. Kumbukumbu ya gigabaiti 2 au zaidi ilikuwa imeshakuwa ya kawaida madukani, na draiva nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Vista zilifanya kazi humo bila kuguswa.