Takriri na Msiba: Uhakiki wa Albamu ya *Power Up* ya Kundi la AC/DC

Utangulizi

Kundi la roki ngumu la AC/DC, kutoka Australia, limelaumiwa kwa muda mrefu kwamba hutoa albamu ile ile na kubadilisha jalada tu. Lawama hiyo ina ukweli mwingi ndani yake. Hata hivyo, mara nyingi hutolewa kana kwamba kujirudia ni kasoro isiyohitaji kuthibitishwa. Makala hii inachunguza safari ya kundi hilo na albamu yake ya karibuni zaidi, *Power Up* (2020), kwa swali moja: fani isiyobadilika humwezesha msanii kutenda nini anapofikwa na msiba, na humzuia kutenda nini?

Swali hilo si geni katika uhakiki wa Kiswahili. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za utunzi wa mashairi mwaka 1954, hadi Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na kwa miaka mingi baadaye, wahakiki wamebishana iwapo vina na mizani ni uhai wa shairi au ni pingu yake. Funzo moja la mjadala huo linafaa hapa: kanuni haihukumiwi peke yake, bali huhukumiwa kwa kile ambacho mtunzi amekitenda ndani yake.

Kanuni za kundi

AC/DC liliundwa jijini Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, wazaliwa wa Glasgow, Uskoti, ambao familia yao ilihamia Australia mwaka 1963. Kaka yao George, aliyekwisha kupata jina akiwa na kundi la The Easybeats, alitayarisha albamu zao za mwanzo pamoja na Harry Vanda. Kwa hiyo, tangu awali kazi hii ilikuwa ya ukoo, na ujuzi wake ulirithishwa ndani ya nyumba moja.

Angus, aliyevaa sare ya shule na kaptula jukwaani, ndiye aliyetazamwa. Malcolm alisimama nyuma, karibu na ngoma, akipiga gita la rithimu. Ingawa macho ya hadhira yalimfuata Angus, mhimili wa nyimbo ulikuwa mikononi mwa Malcolm. Nyimbo nyingi za kundi hujengwa juu ya kijipande kifupi cha gita kinachorudiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nguvu ya kijipande hicho haitokani na sauti kubwa pekee. Malcolm hupiga, hukata sauti ghafla, kisha huacha nafasi ambamo ngoma pekee hubaki zikihesabu. Takriri isiyo na kimya hicho ingekuwa kelele. Ikiwa nacho, huwa mwendo.

Msiba wa mwaka 1980

Bon Scott, mwimbaji wa kundi tangu mwaka 1974, alifariki jijini London tarehe 19 Februari 1980, miezi michache baada ya albamu ya *Highway to Hell* (1979) kulifungulia kundi soko la Marekani. Nafasi yake ilichukuliwa na Brian Johnson, Mwingereza. Albamu ya *Back in Black* ikarekodiwa Bahamas chini ya mtayarishaji Robert John “Mutt” Lange, mzaliwa wa Mufulira nchini Zambia, ikatoka Julai mwaka huo huo.

Jalada lake jeusi lilikuwa tanzia. Wimbo wa kwanza, “Hells Bells”, hufunguliwa kwa kengele, kisha gita huingia polepole kama watu wanaosindikiza jeneza. Kanuni hazikuvunjwa: ala ni zile zile, na kijipande kinarudiwa kama kawaida. Lakini msiba uliingia katika fani yenyewe, ukapunguza kasi na kurefusha kimya. Waombolezaji hawakulazimika kutaja jina la marehemu, kwa kuwa mdundo ulikwisha kumtaja. Hicho ndicho kipimo ambacho *Power Up* inastahili kupimwa nacho.

Albamu ya *Power Up*

Mwaka 2014 Malcolm aliacha muziki kutokana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Gita lake likachukuliwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yao mkubwa, aliyewahi kushika nafasi hiyo kwa muda mwaka 1988. Mwaka 2016 Johnson alisimama kuimba jukwaani kwa hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia, na Axl Rose akamalizia ziara. Mpiga besi Cliff Williams akastaafu. Oktoba 2017 George alifariki. Novemba mwaka huo huo Malcolm naye akafuata.

Pamoja na hayo yote, mwaka 2018 Johnson, Williams na mpiga ngoma Phil Rudd walirejea, wakakutana na Angus na Stevie katika studio jijini Vancouver, chini ya mtayarishaji Brendan O'Brien. Albamu iliyotokana na kazi hiyo ilitoka tarehe 13 Novemba 2020, ikiwa na nyimbo 12 zenye jumla ya dakika 41 hivi. Nyimbo zote zimeandikwa kwa majina ya Angus na Malcolm. Hiyo si heshima tupu kwa marehemu, kwani Angus alizijenga nyimbo hizo kutokana na vijipande vya gita vilivyohifadhiwa tangu enzi ambazo ndugu hao walitunga pamoja.

Hapa ndipo fani isiyobadilika inapolipa deni lake. Kundi ambalo lingegeuza mtindo wake kila muongo lisingeweza kutumia akiba hiyo bila kuifanya ionekane kama kifaa cha makumbusho. Kwa AC/DC, kijipande cha zamani na cha leo huzungumza lugha moja. Katika “Realize” na “Shot in the Dark”, msikilizaji haoni mshono kati ya alichokiacha marehemu na kilichoongezwa na walio hai. Stevie hupiga bila kutafuta kujulikana, kama ipasavyo kwa mrithi wa nafasi hiyo.

Hata hivyo, fani hiyo hiyo inaficha kile kilichoifanya albamu iwe ya lazima. Mashairi ya nyimbo yanarudi kwenye majigambo, usiku na tamaa ya mwili, na mwanamke anabaki kuwa kitu cha kutamaniwa, asiye na sauti yake. Nafsineni ni ya kijana, ilhali mwimbaji alikuwa na miaka 73 albamu ilipotoka. Wimbo mmoja tu, “Through the Mists of Time”, unaruhusu umri na kumbukumbu kusikika: gita linalainika, na kiitikio kinatazama nyuma kwa huzuni isiyojificha. Unaofuata, “Kick You When You're Down”, unaurudisha mwendo wa kawaida, na dirisha linafungwa.

Hitimisho

*Power Up* inajibu nusu ya lawama. Inathibitisha kwamba kujirudia kunaweza kuwa uaminifu, na kwamba kanuni iliyotunzwa vyema humwezesha marehemu kuendelea kuwa mtunzi. Lakini *Back in Black* ilithibitisha zaidi: kwamba kanuni inaweza kuinama chini ya uzito wa msiba bila kuvunjika. Mwaka 1980 kundi liliuachia msiba uiguse fani. Mwaka 2020 liliitumia fani kuuzuia msiba usiingie. Albamu hii ni urithi uliohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Upungufu wake ni kwamba warithi, isipokuwa katika wimbo mmoja, hawakuthubutu kuongeza neno lao juu ya aliyewarithisha.