Ufundi wa Kusi

Mwendesha kaiti wa kulipwa hupata riziki yake kwa upepo. Husimama juu ya ubao mfupi, mkanda umemkaza kiunoni, na mbele yake, mwisho wa kamba zenye urefu wa mita 20 hivi au zaidi, kuna tanga la kitambaa linalomburuta juu ya maji. Hapa nchini Tanzania kazi hii ina makao yake Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na upepo unaoilisha zaidi ni kusi. Msimu huohuo wa Juni na Julai, kusi hupita Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, ikiwa kavu, yenye baridi ya kuwafanya watu washinde na makoti. Wafipa hawana haja ya kuelezwa kusi ni nini. Kinachostahili kuelezwa ni ufundi wa wanaoitegemea, kwa sababu kuusoma upepo kwa macho, masikio na ngozi kuliwahi kuwa elimu ya kawaida Ufipa, na sasa elimu hiyo inakwisha.

Chombo chenyewe si cha zamani. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza kwa mashua iliyokokotwa na tiara, lakini tatizo kubwa lilibaki: tiara ikiangukia majini hainyanyuki. Waliolitatua ni ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao mwaka 1984 waliandikisha hataza ya tanga lenye mirija ya kujazwa hewa. Tanga hilo huelea, na mwenyewe akizivuta kamba linapaa tena. Mchezo ukaenea duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuhusu chombo hayo yanatosha, maana chombo kinanunuliwa.

Ufundi haununuliwi. Kijana wa Paje kwa kawaida huanzia mchangani, akiwashikia wengine matanga wakati wa kurusha na kuyapokea yanaposhushwa, na kazi hiyo ya utumishi ndiyo darasa lake la kwanza. Humtazama mzoefu, ambaye hagusi pampu kabla hajaupima upepo. Mzoefu hugeuza uso polepole mpaka masikio yote mawili yasikie mvumo sawa. Hapo pua yake imeelekea kule upepo unakotoka. Huchota konzi ya mchanga, huuachia, huangalia unavyopeperuka: kama unakwenda kwa mkupuo mmoja ulionyooka, au unasitasita na kuzunguka. Kisha huyakazia macho maji. Pale yanapogeuka meusi na weusi ule ukawa unasogea, mvumo mkali unakuja, naye huusubiri umfikie ili ajue unakaa kwa muda gani kabla ya kulegea. Baada ya hapo ndipo huchagua tanga: la mita 7 za mraba, la 9 au la 12. Akichagua kubwa mno atarushwa juu ya mchanga; akichagua dogo mno atazama kila akijaribu kusimama, na mkondo utamshusha upande upepo unakoelekea hadi arudi kwa miguu.

Bahari nayo ina ratiba yake. Wakati wa bamvua maji ya Paje hupwa mbali sana, kuelekea kwenye mwamba, na mahali palipokuwa pa kuteleza asubuhi huwa nchi kavu mchana. Mwenye ufundi huujua mwandamo wa mwezi kama baba zake wavuvi walivyoujua. Siku hizi simu hutoa utabiri wa upepo saa kwa saa, na wengi wanaojifunza huitazama hiyo kabla ya kutazama bahari. Utabiri huo una faida yake, lakini hauijui safu ya mivinje iliyo nyuma ya pwani, wala ukuta wa hoteli mpya unaoukata upepo na kuuachia kwa vishindo. Mambo hayo hujulikana kwa kuyaishi.

Maji yale pia yana wenyewe. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wameyagawa maji mafupi kwa vigingi na kamba. Ubao ukipita juu ya kamba hizo hukata kazi ya wiki kadhaa. Mwendesha kaiti aliyelelewa pale huzunguka mbali, hata kama njia fupi ingempa mruko mzuri mbele ya wageni. Wapo wasiozunguka, na hao, hata wakiruka juu namna gani, hawastahili kuitwa mafundi.

Riziki ya kazi hii ni ya msimu. Kusi huleta wanafunzi kuanzia Juni hadi Septemba, kaskazi huwaleta tena kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati, mvua za masika zikinyesha, mfuko hukauka. Aliyekuwa msaidizi husomea cheti cha ualimu, na wengi huishia hapo, kwenye kazi ya heshima ya kufundisha. Kuishi kwa mashindano ni jambo jingine. Kunahitaji mfadhili, vifaa ghali na viza. Waafrika waliofika huko wapo: Mitu Monteiro, wa kisiwa cha Sal katika Cape Verde, alikuwa bingwa wa dunia wa kaiti za mawimbini mwaka 2008. Kaiti iliingia Olimpiki mwaka 2024, mbio zikifanyika Marseille, na dhahabu ya wanaume ikachukuliwa na Valentin Bontus wa Austria, nchi isiyo na bahari. Watu wa bara walizingatie hilo.

Maana Ufipa ilikuwa na mafundi wake wa hewa. Wafua chuma wake walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zikavuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mivukuto. Mivukuto ilikuja baadaye tu, kwenye tanuri ndogo ya kusafishia. Moto wa mwisho wa malungu ulizimika zamani. Wapepetaji wa ulezi walidumu zaidi. Mwanamke aliyesimama kiwanjani na ungo alijua saa kusi inaponyooka, alijua asimame upande gani ili makapi yasimrudie machoni, na aliusubiri upepo ulegee kidogo kabla ya kumimina, kwa sababu punje ya ulezi ni ndogo na mvumo mkali huibeba pamoja na makapi. Mahindi na mashine za kupukuchua havihitaji subira hiyo.

Chini ya uwanda, kwenye Ziwa Tanganyika, kusi bado ina kazi kubwa. Kati ya Mei na Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya kina yenye rutuba hupanda upande wa kusini na kulisha viumbe ambao dagaa na migebuka huwategemea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ziwa limepata joto na upepo wake umepungua, na kwa sababu hiyo uzalishaji wa viumbe majini mwake umeshuka.

Mwendesha kaiti anayeshuka Kasanga au Kipili angekuta hesabu tofauti na ya Paje. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 7, hivyo kwa upepo wenye kasi ileile tanga humvuta kwa nguvu pungufu kidogo. Kubwa zaidi, Paje kusi hutoka baharini na humrudisha aliyeshindwa ufukweni. Huku ziwani, inapoporomoka kutoka uwandani, huja kwa vishindo na kumsukuma mtu katikati ya ziwa, na mamba nao wapo. Ingempasa kujua ghuba ipi ina kivuli cha mlima, kwenye rasi ipi upepo hujikunja, na saa gani ya alasiri ziwa huchafuka. Wavuvi waliosafiri kwa tanga waliyajua hayo yote bila kuandika. Injini za nje zimeyafanya yaonekane hayana kazi, na wazee walio nayo hawaulizwi.