Kichwamaji na Malezi ya Mtaalamu

Kuna swali ambalo halina budi kuulizwa kila izungumzwapo habari ya elimu ya juu katika nchi yetu: mtu huwa mtaalamu siku gani? Je, ni siku ile anapovikwa joho na kutunukiwa digrii, au ni siku nyingine isiyopigiwa vigelegele? Swali hili si la walimu wa Chuo Kikuu peke yao. Linamhusu mgonjwa anayemngoja daktari, mkulima anayemngoja bwana shamba, na mzazi aliyemkabidhi mwalimu mtoto wake. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa jicho la fasihi. Tutaipima riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, kisha tutaiweka kando ya yale ambayo vyuo vyetu vimejaribu kuyatenda.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwenyewe akawa mwalimu. Alifariki dunia mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na Kichwamaji ikafuata mwaka 1974. Miaka iliyotangulia vitabu hivyo ilikuwa miaka ya mabishano makali juu ya deni la msomi kwa taifa lake. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawarudisha makwao wapatao 400. Mwaka uliofuata lilitolewa Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo mwandishi wetu aliandika juu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu wakati taifa zima lilikuwa likimtazama mwanafunzi huyo na kumwuliza: wewe ni wa nani?

Mwanafunzi huyo katika riwaya anaitwa Kazimoto. Mwanzoni tunamkuta akingoja kuonana na Manase, rafiki yake wa utotoni, ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Jambo hili laonekana dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Vijana wawili waliokua pamoja sasa wanatenganishwa na mlango wa ofisi. Baadaye tunafahamu kwamba Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na maafa yakaifuata familia hiyo. Kazimoto anatawaliwa na chuki na mawazo ya kulipiza kisasi. Hata hivyo anamwoa Sabina, dada yake Manase. Mwisho wake tunaujua: anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na Kazimoto anajiua.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama kitabu cha falsafa, yaani kitabu kinachouliza kama maisha yana maana yoyote. Hatuwapingi. Kazimoto mwenyewe hulizungusha swali hilo kichwani mwake usiku na mchana. Lakini twaona kwamba usomaji huo, ukiachwa peke yake, huwapa walimu na wanafunzi njia rahisi ya kukwepa. Tukisema kwamba Kazimoto aliangamizwa na maswali ya ulimwengu, basi hakuna mtu wa kuulizwa. Tukisema kwamba aliangamia pia kwa sababu elimu yake haikupata mahali pa kutendea kazi, basi sote tunaulizwa.

Hebu tuwatazame wasomi hawa wawili. Manase ana kazi, ana kiti, ana watu wanaomngoja mlangoni. Asichokuwa nacho ni hisia kwamba anawajibika kwa watu hao. Anaitumia hadhi yake kama mali aliyoirithi. Kazimoto, kwa upande wake, anayo hisia. Anauona uovu, anaweza kuuchambua na hata kuucheka. Asichokuwa nacho ni kazi. Jina lake limebeba neno hilo, lakini riwaya inashughulika na mawazo yake kuliko matendo yake. Mmoja ni ofisi bila wajibu. Mwingine ni fikra bila amali. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na tunathubutu kuongeza kwamba amali bila wajibu ni nyuki bila mzinga: huuma kila apitaye.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo jina la kitabu linapopata uzito wake wote. Kichwa cha yule mtoto ni kikubwa, lakini ukubwa huo ni ugonjwa. Vivyo hivyo elimu inayorundikwa kichwani bila kushuka mikononi yaweza kuonekana kubwa machoni pa watu, kumbe inamwelemea mwenye kuibeba.

Hata hivyo, hatuna budi kutaja kasoro ya riwaya hii, maana uhakiki usiotaja kasoro ni utenzi wa sifa tu. Kezilahabi anatuonyesha ugonjwa kwa ustadi mkubwa, lakini Chuo chenyewe kinabaki pembeni. Hatuoni Kazimoto akifundishwa, akikosea mbele ya mkubwa wake wa kazi, akisahihishwa, kisha akajaribu tena. Anatufikia akiwa amekwisha umbika. Kwa sababu hiyo msomaji kijana huweza kudhani kwamba msomi huzaliwa Manase au Kazimoto, wala hakuna njia ya tatu. Njia ya tatu ipo, na jamii zetu ziliijua kabla ya kujengwa kwa Chuo Kikuu chochote: ni njia ya fundi na mwanagenzi wake.

Mwanagenzi wa seremala au wa muundaji majahazi hafundishwi kwanza, kisha akaachiwa kazi. Hufundishwa ndani ya kazi. Huanza kwa kushika, kubeba na kutazama. Kisha hupewa kipande kidogo cha kazi ya kweli ambacho, kikiharibika, kitaonekana. Fundi yupo karibu, naye ndiye atakayejibu kwa mwenye chombo. Polepole kipande kile hukua, mpaka siku moja mwanagenzi anajibu mwenyewe. Tuangalie vizuri: kinachokua hapo si ujuzi wa mikono tu. Ni uwezo wa kusimama mbele ya mtu mwingine na kusema, "Kazi hii ni yangu, ikivuja, niulizeni mimi." Huo ndio utaalamu.

Je, vyuo vyetu vimeifuata njia hiyo? Majaribio yamekuwako, na si haki kuyadharau. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba vijana wamalizapo kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Nia yake ilikuwa njema, lakini utaratibu huo haukudumu. Sisi twaona kwamba ulikuwa na upungufu ndani yake: kufanya kazi kabla ya masomo si sawa na kujifunza kazi. Mwanagenzi asiye na fundi ni kibarua tu.

Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973 kilifuata mkondo mwingine. Kiliwapeleka wanafunzi viwandani kwa mazoezi katikati ya masomo yao, ili wanachokiona huko kirudi darasani kama swali. Wanafunzi wa ualimu wana mazoezi yao ya kufundisha. Madaktari, baada ya digrii, wana mwaka wa utarajali. Na kwa upande wa sheria, iliundwa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kwa sheria ya mwaka 2007, ili mwenye digrii ajifunze uwakili wenyewe kabla ya kusimama mahakamani. Ni dhahiri kwamba kila taaluma, kwa wakati wake, imegundua kwamba darasa peke yake halitoshi.

Lakini mazoezi yaweza kuwapo kwa jina yasiwepo kwa maana. Mwanafunzi akipelekwa kiwandani akawa mtazamaji, akajaziwa fomu na kupigiwa muhuri, huyo ametembelea kazi, hajajifunza kazi. Mwalimu mwanafunzi akitembelewa na mkaguzi wake mara chache, kila mara kwa ajili ya alama, atajifunza kuyaficha makosa yake badala ya kuyatibu. Na mficha uchi hazai. Mtaalamu aliyezoeshwa kuficha makosa wakati wa mafunzo ataendelea kuyaficha atakapokuwa na dawa, daraja au watoto wa watu mikononi mwake. Kutoka hapo hadi kwa Manase si safari ndefu.

Tuna mfano mwingine unaostahili kusomwa pamoja na Kichwamaji, nao umetoka katika sanaa. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda kufanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthiliya iliyokwisha andikwa. Kazi ilianza kwa kuwauliza wanakijiji ni matatizo gani yanayowasumbua, na miongoni mwa yaliyojitokeza yalikuwa ya vijana wasio na kazi na ya wasichana waliopata mimba. Wanakijiji wenyewe waliyachambua mambo hayo na kuyaonyesha kwa sanaa walizozijua, kisha wakayajadili hadharani. Hapo Rukia hakuwa tena siri ya kuteketeza familia kimyakimya; mambo yake yaliwekwa uwanjani, mbele ya wahusika wote.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba mtaalamu wa sanaa aliyefika Malya alilazimika kuacha mamlaka yake ya kujua kila kitu, bila kuuacha ujuzi wake. Ilimpasa asikilize kabla ya kusema, na kazi yake ikapimwa na wale aliokwenda kuwahudumia. Huo ndio mlango ambao Manase aliufunga, nao huku ulifunguliwa kutoka ndani.

Ziada ya hayo, liko suala la lugha, ambalo wataalamu wengi hulichukulia kuwa jambo dogo. Mwanafunzi wetu husomea udaktari, uhandisi na kilimo kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atamweleza maumivu yake kwa Kiswahili, na mkulima atamwuliza habari ya mbolea kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na istilahi nyingi zimekwisha sanifiwa. Lakini istilahi zilizolala katika vijitabu hazimponyi mtu. Kama mwanafunzi hajawahi kutakiwa kuieleza taaluma yake kwa lugha ya mtu anayemhudumia, mafunzo yake yamebaki nusu. Mtu asiyeweza kumweleza mama wa mtoto mgonjwa kwa nini dawa hii na si ile, huenda yeye mwenyewe hajaielewa vyema dawa hiyo.

Basi twapendekeza mambo matatu kwa walimu. Kwanza, mwanafunzi apewe mapema kazi ndogo lakini ya kweli, yenye mtu wa kweli anayeingojea, na mwalimu awe karibu. Pili, makosa yazungumzwe waziwazi bila kuogopwa, na mwalimu aanze kwa kutaja yake. Tatu, kila mwanafunzi, kabla ya kuhitimu, aieleze kazi yake kwa Kiswahili mbele ya watu wasio wa taaluma yake, nao wapewe nafasi ya kumwuliza.

Na kwa wanafunzi wa sekondari watakaoisoma Kichwamaji, tungependa kuwaachia swali moja la kujadili darasani. Badala ya kuuliza tu kwa nini Kazimoto alijiua, ulizeni: ni kazi gani angalipewa, na nani, na wakati gani, ili awe na mtu anayemngoja kesho asubuhi? Maana yule aliye na mtu anayemngoja, na anayejua kwamba atamjibu, huyo ameanza kuwa mtaalamu, hata kama joho bado liko kwa fundi cherehani.