Kalamu ya Salme katika njama ya 1859

Ukishuka na Barabara ya Morogoro kutoka upande wa Kariakoo mpaka karibu na bandari, unalikuta Boma la Kale: kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa mbao uliochongwa kwa ufundi wa Unguja. Jengo hilo lilijengwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam miaka ya 1860. Nusura asiifikie miaka hiyo akiwa mtawala. Mwaka 1859 ndugu yake, Barghash, alikula njama ya kumpindua, na katibu wa njama hiyo alikuwa dada yao wa miaka 15.

Salme binti Said alijua kuandika, jambo ambalo mabinti wa jumba la sultani hawakufundishwa. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Dada yake kipenzi, Khole, alikuwa upande wa Barghash, naye Salme akamfuata Khole. Yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi wowote na Majid. Barua za kuwatafuta watu, silaha na baruti zikawa zinatoka mkononi mwa Salme. Kwa watu wa siri, huo ulikuwa uzembe: ushahidi wote mwandiko mmoja.

Majid aligundua, akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Hapo ndipo ufundi wa kina dada ulipoonekana. Usiku walikwenda na msafara mkubwa wa wanawake, wakamkabili mkuu wa walinzi ana kwa ana, jambo lisilosikika kwa wanawake wa kifalme, wakaomba kumwona ndugu yao. Askari alibabaika, akawaruhusu. Ndani, Barghash aligoma kwanza kuvaa nguo za kike. Mwishowe akajifunika shela, silaha zikiwa chini yake, na wanawake warefu wakapangwa kumzunguka ili kimo chake kisimuumbue. Mdogo wake Abdulaziz naye akatolewa hivyo hivyo. (Haya ameyasimulia Salme mwenyewe katika kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, na mshiriki hakosi kujipamba.)

Baada ya ujanja huo likafuata kosa la kijeshi. Barghash na Waarabu wa Al-Harthi waliomuunga mkono walijifungia kwenye jumba la shamba la Marseilles, huko huko Unguja, wakangoja kushambuliwa. Hesabu yao ilimhusu Majid peke yake. Balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, hawakumweka kwenye hesabu, ilhali ndiye aliyewatoa mabaharia na mizinga ya manowari Assaye. Barghash alitoroka usiku, akarudi kujificha mjini, akasalimu amri baada ya nyumba yake kupigwa risasi, kisha akapelekwa Bombay.

Majid hakumwadhibu katibu yule, na baadaye wakapatana. Alipofariki mwaka 1870, kiti kilimwangukia Barghash, safari hii Waingereza wakiridhia, na ujenzi wa Dar es Salaam ukadorora. Salme, ambaye alikuwa ameondoka, akawa Mkristo, akaolewa na Mjerumani na kisha kufiwa naye, alirudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake. Barghash alikataa kumwona. Kuacha dini kulitosha kuwa sababu, lakini Salme mwenyewe aliamini kwamba kinyongo kilianzia mbali zaidi: siku alipopatana na Majid.