Mkono Unaolijua Tope

Mbegu ya mkoko humea ingali mtini. Hurefuka ikining'inia, kijani, ncha ikitazama chini, na siku inapoachana na tawi tayari ni mche. Mkusanyaji hutazama pale inaposhikana na tunda: pakishatokea pete ya rangi ya manjano, imekomaa, na ikiguswa tu inaachia. Inayong'ang'ania huachwa. Kisha hukaguliwa moja moja, maana wadudu na kaa huwahi kuzitoboa, na iliyotobolewa ikichomekwa topeni huenda isichipue kamwe.

Watu wa Gazi na Makongeni, katika Kaunti ya Kwale kusini mwa pwani ya Kenya, wanaijua kazi hii vizuri. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unatajwa kuwa wa kwanza duniani ambapo wanakijiji wanahifadhi mikoko kwa fedha za kuuza hewa ya kaboni. Sifa hiyo ni haki yao. Kinachonivuta mimi zaidi ni ufundi ulio chini ya biashara hiyo, kwa kuwa ulikuwepo kabla ya mauzo ya kwanza.

Kuchomeka mbegu ni jambo jepesi. Maji yakipwa, unaingia topeni, unaisukuma mbegu mpaka isimame imara, unapiga hatua, unachomeka nyingine. Ugumu uko katika kujua mahali. Mlilana husimama mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa. Mchu una tabia yake: utaukuta upande wa bahari na utaukuta tena huko nyuma, kwenye ardhi ya chumvi inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake. Mpangilio huo umewekwa na maji: yanafika mara ngapi kwa mwezi, yanakaa saa ngapi, yanaondoka na nini. Ukipeleka mkoko huko nyuma, kwenye mchu wa ardhi ya chumvi, utakauka. Ukiusogeza mbele mno, maji yatakaa juu yake kuliko unavyoweza kustahimili. Kwingi duniani watu wamepanda mikoko kwa maelfu kwenye tope tupu la mbele, kwa sababu pako wazi na hapana mwenyewe, na miche ikafa. Kwa hiyo nikisikia idadi ya miche iliyopandwa mahali, naona swali lenyewe bado halijajibiwa. Ilipandwa wapi? Na imebaki mingapi?

Gazi walijifunza kutokana na hasara. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, lakini tangazo halikuzuia shoka. Boriti za pwani hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Huko Gazi pigo kubwa lilikuwa la kuni za viwandani katika miaka ya 1970. Sehemu zilizofyekwa kabisa hazikurudi zenyewe, kwa kuwa hapakubaki miti ya kuzaa mbegu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwemo James Kairo, walianza kupanda kwa majaribio pamoja na wanakijiji. Soko la kaboni lilipofika, lilikuta mikono ambayo ilikuwa imezoea kazi kwa miaka ishirini.

Eneo la mradi ni hekta 117, zaidi msitu wa asili na sehemu ndogo ya kupandwa. Mapatano yake ni ya miaka 20 chini ya kanuni za Plan Vivo, shirika linaloidhinisha miradi ya kaboni, na hesabu ni takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Fedha zimeleta maji safi vijijini na vitabu shuleni, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tani hizo hazipatikani kwa kukisia. Kuna viwanja vya kudumu ndani ya msitu, na timu huvirudia kupima unene wa shina la kila mti. Kwa miti mingi utepe huzungushwa usawa wa kifua. Kwa mkoko haiwezekani, kwa sababu mizizi hutoka ubavuni mwa shina na kushuka topeni, kwa hiyo hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa, hata kama itabidi mtu akwee. Visiki vipya navyo huhesabiwa, hata vikiwa vya aibu. Na sehemu kubwa ya kaboni haiko kwenye miti hata kidogo. Iko chini, katika tope lisilo na hewa, ambamo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Ndiyo maana kuulinda mti uliopo kuna uzito kuliko kupanda mpya: mti ukiondoka, tope hufunguka na kaboni iliyomo huanza kutoka.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote halifanyiki baharini. Wanakijiji wamepanda mivinje nchi kavu, ili anayehitaji fito au kuni azipate pasipo kwenda kukata msitu wa jirani. Katika miaka ya karibuni wengi wameitilia shaka biashara ya kaboni, na zipo sababu, kwani misitu mikubwa imeuzwa kwa hesabu ambazo hakuna aliyeweza kuzikagua kwa miguu. Hekta 117 zinatembeleka. Anayetaka kuhakikisha anaweza kuingia na utepe wake.

Mwaka 2019 watu wa vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, walianzisha mradi wao kwa mfano wa Gazi, kwenye msitu wa zaidi ya hekta 450. Lakini Vanga kuna Mto Umba, unaoshusha maji baridi na mchanga hadi mikokoni. Kanuni za kupima zinaweza kupokelewa kama zilivyo. Mahali pa kuchomeka mbegu hapana budi pasomwe upya, mkondo kwa mkondo.