Saida ya Herefordshire: Tafuta Ukakasi Kwanza

Ukimiminiwa saida, kileo cha maji ya matufaa yaliyochachuliwa, usianze kwa kuuliza kama ni tamu. Utamu hutiwa hata dakika ya mwisho na yeyote mwenye gunia la sukari. Tafuta ukakasi: ule unaoshika ulimi na fizi kama ndizi mbichi, ila kwa adabu, kisha ukaachia taratibu. Ukiukosa, umekosa uti wa mgongo wa saida ya magharibi mwa Uingereza.

Huko Herefordshire na Somerset kuna mashamba makubwa ya matufaa ambayo hakuna mtu anayeyala. Ling'ate tufaa aina ya Dabinett ukitarajia tunda la mezani, utalitema. Matufaa hayo yana tanini nyingi, na tanini ndiyo ukakasi wenyewe. Kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol, kiliyapanga kwa vipimo viwili. Tanini ikizidi asilimia 0.2 na asidi ikawa chini ya 0.45, tufaa ni chungu-tamu. Asidi ikizidi hapo, ni chungu-kali. Dabinett ni la kundi la kwanza, Kingston Black la pili, na hilo Kingston Black ni miongoni mwa machache yanayosifiwa kwa kutoa saida iliyokamilika bila kuchanganywa. Mengine huhitaji wenzake, na hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana.

Rangi isikuchukulie muda. Dhahabu iliyokolea ni dalili njema, kwa kuwa juisi yenye tanini hubadilika kuwa ya kahawia inapokutana na hewa kinuni. Ukungu si kasoro; mafundi wengi wa mashambani hawachuji.

Puani, siki ndiyo adui wa kwanza. Waasturia wa Hispania huipenda kidogo katika saida yao, nami nawaheshimu, lakini ikichoma pua katika saida ya Herefordshire, pipa liliachiwa hewa. Harufu ya mayai yaliyooza si ya kukatia tamaa: zungusha glasi, mara nyingi hutoweka.

Kasoro ninayoiogopa kuliko zote hainusiki. Unakunywa, unameza, unakaribia kusifu, halafu sekunde kadhaa baadaye nyuma ya ulimi inaibuka ladha ya tundu la panya. Kemikali zinazoileta zimefungwa na asidi ya kinywaji. Mate yanapoipunguza asidi hiyo ndipo zinapofunguka. Kwa hiyo ukishameza, nyamaza kwanza, usitoe hukumu. Na usionje peke yako, maana wapo watu wasioisikia kabisa.

Utamu nao una daraja zake. Ulio bora hubaki wenyewe, kwa njia waliyoikamilisha watu wa Normandy, Ufaransa: juisi huachwa katika baridi hadi pektini igande na kuelea juu kama kofia ya kahawia, ikiwa imebeba sehemu ya chakula cha hamira. Juisi safi ya chini huondolewa na kuchachuka polepole mno, mpaka hamira inachoka sukari ya tunda ikiwa bado ipo. Utamu huo una uzito ambao sukari ya gunia haiwezi kuuiga.

Mambo haya yanamgusa mwenye shamba moja kwa moja. Tangu kampuni ya saida ya Bulmer ianze kazi Hereford mwaka 1887, wakulima wengi wa eneo hilo wamepanda kwa mikataba ya viwanda vikubwa. Lakini sheria ya Uingereza inadai juisi asilimia 35 tu, tena inaweza kuwa ya kukolezwa. Nafasi iliyobaki hujazwa maji na sukari. Mnywaji asiyejua ukakasi hataona tofauti, hivyo viwanda havina sababu ya kuongeza matufaa, na mikataba ikikoma miti hung'olewa, kwani tufaa chungu halina soko la matunda la kukimbilia.

Saida nyingi za baa za Dar es Salaam na Nairobi asili yake ni Afrika Kusini, ambako mashamba ya Elgin yalipandwa matufaa ya kuliwa. Ni nyepesi na chachu. Zipime kwa wepesi huo, usizidai tanini.

Ukipata chupa ya Herefordshire, soma lebo: jina la tufaa, mwaka wa mavuno, kiasi cha juisi. Usiigandishe kwa barafu. Baridi kali huua harufu na kuufanya ukakasi uwe mkavu kupita kiasi. Itoe kwenye friji robo saa kabla ya kuifungua.